Balenciaga

Balenciaga ni nyumba ya mitindo ya mavazi yenye makao yake mjini Paris, Ufaransa. Ilianzishwa na Cristóbal Balenciaga Eizaguirre (Getaria, Hispania, 21 Januari 1895 – Jávea, Hispania, 23 Machi 1972), mbunifu wa mavazi wa kabila la Wabaski. Alifungua duka lake la kwanza mjini San Sebastián mwaka 1917 na nyumba ya Paris mwaka 1937, kisha akaifunga mwenyewe mwaka 1968. Jina lilifufuliwa na wafanyabiashara wengine mwaka 1986, na tangu mwaka 2001 limekuwa katika kundi la makampuni ambalo leo linaitwa Kering.

Kwa hiyo historia ya Balenciaga ina vipande viwili visivyofanana. Katika kipande cha kwanza nyumba ilisimama juu ya mikono ya mtu mmoja aliyejua kuchora, kukata na kushona, naye alipochoka, milango ilifungwa. Katika kipande cha pili jina limepita kutoka kwa mmiliki mmoja hadi mwingine na kutoka kwa mbunifu mmoja hadi mwingine. Vijana wengi wa leo wanalifahamu kutokana na raba nene na mikoba, na huenda wakashangaa kusikia kwamba mwenye jina hilo alikuwa fundi cherehani aliyeweza kufumua mkono wa koti mara nyingi kwa sababu tu haujakaa sawa begani.

## Utoto na mafunzo

Cristóbal alizaliwa Getaria, kijiji cha wavuvi katika mkoa wa Gipuzkoa, kaskazini mwa Hispania. Kijiji hicho kilikuwa tayari na mtu mmoja maarufu: baharia Juan Sebastián Elcano, aliyekamilisha safari ya kwanza ya kuzunguka dunia mwaka 1522. Baba yake Cristóbal, José Balenciaga, alikuwa mtu wa bahari na aliwahi kuwa meya wa kijiji. Alifariki Cristóbal akiwa bado mtoto, na mama yake, Martina Eizaguirre, akalea watoto kwa kazi ya kushona.

Mama huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza. Miongoni mwa wateja wake walikuwa watu wa ukoo wa kimwinyi wa Casa Torres, ambao walikuwa na makazi ya majira ya joto pale Getaria. Mtoto alifuatana na mama yake kwenda kupima na kupeleka nguo, na huko akaona mavazi yaliyonunuliwa Paris, jambo ambalo mtoto wa mvuvi asingeliona kwingine. Inasimuliwa kwamba Markesa wa Casa Torres alimkabidhi kijana huyo kitambaa na gauni lake moja la gharama ili ajaribu kuliiga, na kwamba aliporudisha kazi yake, markesa aliivaa. Masimulizi ya namna hii hupambwa kila yanaporudiwa, lakini ni kweli kwamba ukoo huo ulimsaidia kupata nafasi ya kujifunza kazi.

Akiwa na umri wa miaka 12 hivi alipelekwa San Sebastián kuwa mwanagenzi wa ushonaji. Mafunzo yake ya mwanzo yalikuwa katika ushonaji wa suti, kazi inayodai vipimo halisi, bitana iliyolazwa vizuri na mabega yaliyojengwa kwa subira. Baadaye alifanya kazi katika tawi la duka la Kifaransa Au Louvre mjini humohumo, ambako alipanda hadi kusimamia karakana ya nguo za wanawake. Wabunifu wengi mashuhuri wa karne ya 20 walianza kwa kuchora, wakiachia wengine mkasi na sindano. Balenciaga alianza kwa sindano, na tofauti hiyo ilionekana katika kila alichofanya baadaye.

## Biashara nchini Hispania

San Sebastián ya wakati huo haikuwa mji mdogo wa pembeni. Familia ya kifalme ya Hispania ilihamia huko kila majira ya joto, ikifuatwa na mawaziri, mabalozi na matajiri. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipowaka, Hispania haikuingia vitani, na fedha zilizokuwa zikitumika katika miji ya starehe ya Ufaransa zikavuka mpaka. Katika hali hiyo Balenciaga, akiwa na miaka 22, alifungua duka lake mwaka 1917. Muda si mrefu alishirikiana na watu wengine wenye mtaji, halafu akasimama peke yake. Malkia Maria Cristina alikuwa miongoni mwa wateja wake.

Alikuwa na desturi ya kusafiri kwenda Paris kununua nguo za wabunifu wakubwa, kama vile Madeleine Vionnet na Coco Chanel, ili azishone upya kwa wateja wake wa Hispania. Hiyo ilikuwa biashara halali, kwani nyumba za Paris ziliuza haki ya kunakili mitindo yao. Kwa fundi mwenye macho, kila gauni lililonunuliwa lilikuwa pia darasa: lilifumuliwa, likachunguzwa mshono kwa mshono, likashonwa tena.

Mwaka 1931 ufalme wa Hispania ulianguka na familia ya kifalme ikaenda uhamishoni. Kwa mshonaji aliyetegemea watu wa mahakama ya mfalme hilo lilikuwa pigo kubwa. Balenciaga alijibu kwa kutafuta wateja mahali pengine: alifungua nyumba Madrid mwaka 1933 na Barcelona mwaka 1935. Nyumba za Hispania zilijulikana pia kwa jina la Eisa, lililofupishwa kutoka Eizaguirre, jina la ukoo wa mama yake. Miaka ya baadaye, wakati jina la Balenciaga lilipokuwa ghali mno mjini Paris, wateja wenye akili walijua kwamba gauni lilelile lingepatikana kwa Eisa kwa bei nafuu zaidi, kwa sababu malipo ya mafundi nchini Hispania yalikuwa madogo.

Mwaka 1936 Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Hispania vilianza. Maduka yalisimama, na Balenciaga akaondoka nchini.

## Paris

Mwezi Julai 1937 kampuni mpya ilianzishwa mjini Paris, katika jengo namba 10 la barabara ya avenue George V. Washirika wake walikuwa Nicolás Bizcarrondo, Mbaski mwenzake, na Wladzio Jaworowski d'Attainville, mwenye asili ya Poland na Ufaransa, aliyekuwa mwenzi wake wa maisha na mbunifu wa kofia za nyumba hiyo. Mkusanyiko wa kwanza ulioneshwa mwezi Agosti mwaka huohuo.

Balenciaga aliingia Paris akiwa na miaka 42, umri ambao wengine huwa wameshafika kileleni au wameshasahaulika. Hakuwa mwanafunzi tena, na alileta kitu ambacho Wafaransa hawakuwa nacho: Hispania yenyewe. Katika nguo zake wateja waliona weusi mzito wa mavazi ya kiume katika picha za karne ya 17, vikoti vifupi vilivyodariziwa kama vya wapiganaji wa fahali, shela za lesi na mikunjo ya kasula za mapadri. Gauni lake la mwaka 1939 lililoitwa Infanta lilichukua umbo lake kutoka kwenye picha ambazo Diego Velázquez aliwachora mabinti wa mfalme. Watu wa Paris, waliokuwa wakisoma habari za vita vya Hispania kila siku magazetini, walilipokea kwa shauku.

Baada ya Ujerumani kuiteka Paris mwezi Juni 1940 nyumba iliendelea kufanya kazi, kama zilivyofanya nyumba nyingine kadhaa. Vitambaa viligawiwa kwa vipimo, na wateja hawakuwa wale wa zamani. Balenciaga, raia wa nchi isiyokuwa vitani, alipata njia ya kusafiri kati ya Paris na Hispania ambako maduka yake yalikuwa yamefunguliwa tena chini ya utawala wa Jenerali Francisco Franco. Hakuwahi kutoa hotuba za kisiasa wala kueleza msimamo wake, na mke wa Franco alikuwa mmoja wa wateja wake. Ukimya huo umekuwa sehemu ya historia yake kama ulivyo ufundi wake.

D'Attainville alifariki mwaka 1948. Inasimuliwa kwamba Balenciaga alihuzunika kiasi cha kutaka kufunga nyumba, na kwamba Christian Dior, mshindani wake mkubwa, alikuwa miongoni mwa waliomsihi aendelee.

## Nguo inayosimama mbali na mwili

Mwezi Februari 1947 Dior alionesha mkusanyiko wake wa kwanza, uliopewa jina la "sura mpya" na waandishi wa habari. Kiuno kilibanwa kwa nguvu, nyonga zikajazwa, sketi zikatanuka kwa mita nyingi za kitambaa. Dunia nzima ilifuata. Balenciaga alikwenda njia nyingine, na njia hiyo ndiyo mchango wake mkubwa kwa historia ya mavazi.

Wazo lake lilikuwa kwamba nguo inaweza kuwa na umbo lake yenyewe, tofauti na umbo la mwili, na kwamba hewa iliyo kati ya kitambaa na ngozi ni sehemu ya muundo. Mwaka 1951 alitoa suti iliyoshika mwili kwa mbele lakini ikaachwa huru mgongoni. Ukiitazama mbele unaona kiuno. Akigeuka, kiuno kimepotea. Mwaka 1953 lilikuja koti lenye umbo la puto, na mwaka 1955 gauni la mfano wa kanzu, lililonyooka kutoka mabegani hadi chini ya magoti bila kugusa kiuno. Mwaka 1957 kiuno kilifutwa kabisa katika gauni lililopewa jina la gunia.

Gauni hilo la gunia lilidhihakiwa sana. Magazeti yalichora vibonzo na wanaume wengi walilalamika kwamba hawaoni kilichomo ndani yake. Lakini miaka michache baadaye gauni lililonyooka, lisilo na mshono wa kiunoni, lilikuwa limeenea kila mahali, kutoka maduka ya kifahari hadi mashine za kushonea nyumbani. Mtu yeyote aliyewahi kushonewa gauni linaloingia kwa kichwa na kuteremka moja kwa moja hadi magotini amevaa kitu chenye undugu na gunia lile. Mwaka 1958 lilifuata gauni fupi pana linaloning'inia kutoka mabegani kama nguo ya mwanasesere.

Wateja wake wengi hawakuwa wasichana. Walikuwa wanawake wa makamo wenye fedha, waliokwisha kuzaa, na Balenciaga aliwashonea kwa kuijua miili yao. Kola ilisimama mbali kidogo na shingo, hivyo shingo ikaonekana ndefu na mkufu wa lulu ukapata nafasi. Mikono ya koti iliishia juu ya kifundo ili bangili zionekane. Kitumbo hakikumsumbua, na inasemekana alikipenda. Mgongo ulioanza kupinda ulifichwa na koti lililoachia nyuma. Mwanamke hakuhitaji kujibana ndani ya sidiria ya chuma na kamba ili aonekane vizuri. Upande huu wa kazi yake haupati sifa zinazostahili, pengine kwa sababu hauonekani katika picha za wanamitindo vijana.

Siri ya yote ilikuwa katika mkato. Balenciaga alianza na kitambaa, kisha mchoro: alikishika, akakiangusha, akakikunja, ndipo akaamua kitakuwa nini. Alipenda vitambaa vizito vyenye ukaidi. Mwaka 1958 kampuni ya Abraham ya Uswisi, chini ya Gustav Zumsteg, ilimtengenezea hariri iliyoitwa gazar, iliyofumwa kwa nyuzi zilizosokotwa maradufu. Hariri hiyo ni nyepesi kwa uzito lakini hukaa wima kama karatasi ngumu, na kwa sababu hiyo aliweza kushona mavazi makubwa yenye kona na mawimbi bila kujaza bitana nyingi ndani. Mwaka 1961 alikata koti zima lenye mshono mmoja. Gauni la bibi harusi la mwaka 1967, lenye kitambaa cha kichwani kinachofanana na kofia ya mtawa, lina mistari michache kiasi kwamba mtazamaji hutafuta lilikoungwa.

Urahisi huo ulidanganya macho. Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London lilipiga picha za eksirei baadhi ya nguo zake, na ndani yake vikaonekana vijiti vya kushikilia umbo na vizito vidogo vilivyofichwa ili pindo liangukie mahali palepale kila mvaaji anapotembea.

Mkono wa nguo ndio uliomtesa zaidi. Kila fundi anajua kwamba sehemu ngumu ya koti ni pale mkono unapoungwa na kiwiliwili: ukikaza, mvaaji hawezi kuinua mkono, ukilegeza, kwapa linajaa mikunjo. Balenciaga alitaka mkono usiovuta koti hata mvaaji anaponyoosha mkono kuchukua kitu juu ya rafu. Waliofanya kazi naye walisimulia jinsi alivyokuwa aking'oa mikono ya makoti yaliyokwisha kukamilika na kuiunga tena yeye mwenyewe, usiku, hata kwa nguo ya rafiki aliyekuja kumsalimia.

Hakufaulu kila mara kuwaridhisha wateja. Gauni jeusi la gazar la mwaka 1967, lenye kona nne kama bahasha, ni kati ya kazi zake zinazooneshwa zaidi katika makumbusho, lakini liliuzwa kwa watu wachache sana. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alilirudisha kwa sababu hakuweza kwenda chooni akiwa amelivaa.

Coco Chanel, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu wenzake, alimtaja kuwa ndiye peke yake kati yao aliyeweza kubuni nguo, kuikata, kuiunganisha na kuishona yote kwa mikono yake.

## Desturi za nyumba

Nyumba ya avenue George V ilijulikana kwa ukimya. Maonyesho yalifanyika bila muziki. Wanamitindo walipita wakiwa wameshika kadi yenye namba ya nguo, nyuso zikiwa zimekauka; walikatazwa kutabasamu au kuwatazama wateja machoni. Wengi wao hawakuchaguliwa kwa urembo, na baadhi ya waandishi waliwasema vibaya, lakini lengo lilikuwa mtazamaji aangalie nguo.

Balenciaga mwenyewe hakutokea kupokea makofi. Alitazama akiwa nyuma ya pazia, na wateja wengi waliomlipa kwa miaka mingi hawakuwahi kuonana naye. Kwa jinsi alivyojificha, zilikuwapo tetesi mjini Paris kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Katika maisha yake yote alitoa mahojiano machache mno, na yale marefu aliyafanya mwaka 1971, akiwa amekwisha kustaafu, na gazeti la The Times la London.

Hakujiunga na chama rasmi cha nyumba za ushonaji wa hali ya juu, ule unaoitwa kwa Kifaransa haute couture, ingawa watu wote walimhesabu kuwa wa kwanza katika kazi hiyo. Katikati ya miaka ya 1950 yeye na rafiki yake Hubert de Givenchy waliamua kuwaonesha waandishi wa habari mikusanyiko yao wiki kadhaa baada ya wanunuzi wa maduka. Shabaha ilikuwa kuwanyima wezi wa mitindo nafasi ya kunakili kutoka kwenye picha za magazeti kabla maduka yaliyolipia haki hayajafikisha nguo kwa wateja. Waandishi walilazimika kurudi Paris mara ya pili kwa ajili ya nyumba mbili tu, wakanung'unika, wakarudi. Utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1967.

Manukato ya kwanza ya nyumba, Le Dix, yaliyopewa jina la namba ya jengo, yalitoka mwaka 1947. Zaidi ya manukato, Balenciaga alisita kuliuza jina lake. Dior na wengine waliruhusu majina yao kuwekwa kwenye soksi, tai na vipodozi vilivyotengenezwa na viwanda vya watu wengine, wakapata fedha nyingi. Yeye aliishi kwa kuuza nguo kwa wateja binafsi na haki za kunakili kwa maduka makubwa, hasa ya Marekani.

Karakana zake zilikuwa pia chuo. André Courrèges alifanya kazi huko kuanzia mwaka 1950 hadi 1961, na Emanuel Ungaro kuanzia 1958 hadi 1964. Oscar de la Renta alianza kwa kuchora katika nyumba ya Madrid. Mama yake Paco Rabanne alikuwa mshonaji mkuu katika duka la San Sebastián. Mtu akitazama sketi fupi za Courrèges, zilizosimama kama zimekatwa kwa ubao, anaona mkasi wa mwalimu ingawa mwalimu mwenyewe hakupenda sketi fupi.

Tarehe 15 Desemba 1960 Fabiola de Mora y Aragón aliolewa na Mfalme Baudouin wa Ubelgiji akiwa amevaa gauni la satini nyeupe lenye manyoya meupe ya kicheche, kazi ya Balenciaga. Bibi harusi alikuwa wa ukoo wa Casa Torres.

## Kufungwa kwa nyumba

Mwaka 1968 Balenciaga alikuwa na miaka 73. Mavazi ya kuagizwa na kupimwa yalikuwa yanapoteza nafasi yake. Yves Saint Laurent alikuwa amefungua duka la nguo za tayari mwaka 1966, mafundi walikuwa ghali, na vijana walitaka nguo ya kuvaa leo na kuiacha mwakani. Kazi moja ya mwisho ya Balenciaga ilimwonesha jinsi dunia hiyo ilivyokuwa: aliombwa kubuni sare za wahudumu wa ndege wa shirika la Air France, nguo za kushonwa kiwandani kwa wanawake ambao hatawapima kamwe.

Mwezi Mei mwaka huo, huku wanafunzi na wafanyakazi wakiwa wameijaza mitaa ya Paris kwa maandamano, aliamua kufunga nyumba. Hakumteua mrithi wala hakutafuta mnunuzi. Nyumba za Hispania nazo zilifungwa baada yake. Kwa mafundi waliomtumikia tangu ujana wao ulikuwa mshtuko, kwani uamuzi ulipotangazwa ulikuwa umekwisha kukatwa. Wateja baadhi aliwaelekeza kwa Givenchy, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara ileile. Inasimuliwa kwamba mteja wake mmoja, Mona von Bismarck, alipopata habari alijifungia chumbani kwake kisiwani Capri kwa siku tatu.

Inaweza kubishaniwa kama alifanya haki. Nyumba iliyobeba mamia ya mikono ilizimwa na mtu mmoja, na ujuzi uliokusanywa ndani yake ukatawanyika. Lakini mwenyewe aliona kwamba kazi aliyoijua haikuwezekana tena, na hakutaka jina lake liwekwe kwenye kazi asiyoifanya.

Alirudi Hispania. Mwezi Machi 1972 alishona gauni la mwisho linalojulikana, la harusi ya Carmen Martínez-Bordiú, mjukuu wa Franco. Harusi ilifanyika tarehe 8. Tarehe 23 mwezi huohuo Balenciaga alifariki Jávea, akazikwa Getaria. Mwaka uliofuata jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake.

## Baada ya mwanzilishi

Kwa miaka mingi baada ya hapo jina liliishi katika chupa za manukato tu. Haki zake zilipita mikononi mwa kampuni ya kemikali ya Kijerumani Hoechst, kisha mwaka 1986 zikanunuliwa na kampuni ya manukato Jacques Bogart, iliyoanzisha nguo za tayari. Mbunifu wa kwanza wa kipindi hicho alikuwa Michel Goma, akafuatwa na Josephus Thimister mwaka 1992.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1997, Nicolas Ghesquière alipopewa usukani. Alikuwa kijana wa miaka 26 asiyejulikana, na kabla ya hapo alikuwa akibuni nguo za soko la Asia zilizobeba leseni ya jina hilo, pamoja na nguo za kuvaa msibani. Alirudi kwenye maumbo ya mwanzilishi, mabega ya mviringo na migongo iliyoachia, akayachanganya na suruali nyembamba na vitambaa vya kisasa. Mwaka 2001 nyumba ilinunuliwa na Gucci Group, na mkoba wa ngozi laini wenye kamba na vifungo uliotoka karibu na wakati huo ulileta fedha kuliko gauni lolote. Ghesquière aliondoka mwaka 2012. Alexander Wang, Mmarekani, alishika nafasi hiyo hadi mwaka 2015.

Aliyefuata, Demna Gvasalia, alizaliwa Sukhumi katika Georgia na aliukimbia mji huo na familia yake wakati wa vita vya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kama mwanzilishi, alikuwa mtu aliyesukumwa na vita hadi Paris; vinginevyo walitofautiana karibu katika kila kitu. Demna alichukua nguo za mitaani, makoti ya mitumba na raba zenye soli nene kupindukia, akaziuza kwa bei ya kifahari. Mwaka 2017 mkoba wa ngozi ya buluu uliofanana na mfuko wa bei nafuu wa maduka ya IKEA uliuzwa kwa zaidi ya dola 2,000. Wengine walicheka, wengine walikasirika, na mauzo yakapanda.

Hata hivyo tarehe 7 Julai 2021 Demna alirudisha nguo za kushonwa kwa kipimo, miaka 53 baada ya nyumba kuziacha. Vyumba vya avenue George V namba 10 vilitengenezwa vifanane na vya zamani, na nguo zikapita bila muziki.

Mwezi Novemba 2022 nyumba iliingia katika kashfa kubwa kuliko zote. Tangazo moja lilionesha watoto wameshika mikoba ya umbo la dubu iliyovalishwa mikanda ya ngozi ya kingono. Katika picha ya tangazo jingine ilionekana karatasi ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani iliyohusu picha za ngono za watoto. Kampuni iliondoa matangazo na kuomba radhi, naye Demna akaomba radhi kwa jina lake. Alibaki hadi mwaka 2025 alipohamia Gucci, na nafasi yake ikachukuliwa na Mwitalia Pierpaolo Piccioli, aliyeonesha mkusanyiko wake wa kwanza mwezi Oktoba mwaka huo.

## Makumbusho ya Getaria

Tarehe 7 Juni 2011 makumbusho ya Cristóbal Balenciaga yalifunguliwa Getaria na Malkia Sofía wa Hispania. Jengo jipya la vioo limeunganishwa na kasri la Aldamar, makazi ya zamani ya ukoo wa Casa Torres, ambako Martina Eizaguirre alikuwa akienda kushona. Kati ya nguo zilizohifadhiwa humo ni gauni la harusi la Malkia Fabiola.